Nyumba Iliyohamwa Si Mahame



Katika darasa letu dogo, ambalo hukusanyika hapa Nairobi kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, ni desturi kwamba kila mtu, awe mkubwa awe mdogo, aweza kuleta suala likazungumzwa mbele ya wote. Masuala yaliyo mengi ni yale tuliyoyazoea: ya talaka, ya mirathi, ya riba na ya ujirani. Lakini mwaka uliopita lililetwa suala ambalo sikupata kuulizwa kabla yake, na jawabu nililolitoa siku ile lilikuwa la haraka, na ndani yake mlikuwa na kosa. Makala haya nayaandika ili kulisahihisha jawabu lile, maana kosa lililosemwa mbele ya watu haifai likatubiwa chumbani.

Suala lenyewe ni hili. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, asomaye chuo kikuu, aliweka simu yake juu ya mkeka akatuonyesha picha alizozipiga ndani ya nyumba moja ya Kileleshwa. Ilikuwa ni katika zile nyumba za chini, zenye mapaa ya vigae vyekundu na dohani, zilizojengwa katika zama za ukoloni, wakati mitaa ile ilipokuwa imetengewa Wazungu, na Mwafrika hakai huko ila kwa kuwa ni mpishi au mtunza bustani. Siku za karibuni nyumba hiyo ilikuwa imekodiwa na shule ndogo ya watoto wachanga. Kisha shule ikahama, ua wa mabati ukazungushwa, na nyumba ikawa yangoja kubomolewa ili pajengwe maghorofa. Kijana wetu aliruka ukuta wa nyuma asubuhi ya Jumapili, akatembea humo saa nzima, akapiga picha, akatoka. Hakuna aliyemwona.

Picha zilikuwa nzuri, na sina haja ya kulificha hilo. Mlikuwa na mwanga wa jua uliopita katika dirisha lisilo na pazia ukalala juu ya sakafu ya mbao. Mlikuwa na kalenda ukutani iliyosimama katika mwezi waliohama. Mlikuwa na mwimo wa mlango wenye alama za kalamu ya risasi, mahali mwalimu alipokuwa akiwapima watoto urefu wao, na kila alama ina jina la mtoto. Na chini, karibu na mlango, palikuwa na daftari lililofunguka.

"Maalim," akauliza, "je! nina dhambi?"

Nikazitazama zile picha, moyo wangu ukalainika, nikasema: "La, mwanangu. Hii ni ibra. Nenda ukatazame zaidi." Watu wakacheka, tukaingia katika suala jingine. Hilo ndilo jawabu nililolitoa.

Kabla sijaeleza ubovu wake, yafaa kwanza msomaji ajue kwamba jambo hili si la kijana mmoja wala la nyumba moja. Mji wetu umejaa majengo ambayo jana yalikuwa na watu na leo hayana. Katikati ya jiji, hoteli mbili kubwa zilizofunguliwa mwaka mmoja, 1969, nazo ni Hilton na InterContinental, zilifunga kazi zake zikiachana kwa muda mchache: InterContinental mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, na Hilton mwishoni mwa 2022. Watu walioutumia mnara wa mviringo wa Hilton kwa miaka zaidi ya 50 kuwa ndio alama ya kukutania mjini waliendelea kukutana chini yake, ingawa taa za vyumba vya juu zilikuwa zimezimwa. Kadhalika maduka ya Nakumatt, ambayo yalianzia Nakuru, yakaenea Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hata yakapita 60, yalianguka kwa madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Mahakama iliyaweka chini ya msimamizi mwezi Januari 2018, na Januari 2020 wenye kudai wakakata shauri yafungwe kabisa. Kwa muda, mtu aliyepita Ngong Road au Westlands aliweza kuchungulia kiooni akaona rafu tupu, safu kwa safu, kama meno ya mzee.

Na tukienda magharibi ya jiji, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Ukay Centre pale Westlands, lililojengwa katika ukingo wa mto, lilibomolewa na serikali mwezi Agosti 2018, katika kampeni ile ile iliyobomoa majengo mengine ya kandokando ya mito huko Kileleshwa na Langata Road. Ama Westgate, lililoshambuliwa tarehe 21 Septemba 2013 wakauawa watu 67, lilikaa bila ya kazi yake mpaka Julai 2015 lilipofunguliwa tena. Na katika Kileleshwa, Kilimani na Lavington, zile nyumba za chini zenye bustani kubwa zinaondoka moja baada ya moja, na mahali pa nyumba ya jamaa moja hujengwa ghorofa ya jamaa hamsini au zaidi. Katikati ya siku ya kuhama na siku ya kubomolewa, nyumba hukaa tupu miezi, na pengine miaka. Katika muda huo ndipo vijana huingia.

Si vijana wahuni. Wengi wao ni wasomi, wapole, wenye macho ya kuona. Nao wana hoja, na hoja zao yatupasa kuzisikiliza kwa insafu kabla ya kuzijibu. Nimezikusanya tatu.

Hoja ya kwanza: nyumba haina mtu, basi hatumwingilii mtu. Hoja ya pili: hatuchukui kitu, hata msumari. Twaingia kwa macho, na twatoka na picha tu. Hoja ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu: mji huu wabomolewa bila ya kuandikwa. Wenye nyumba hawajali, serikali haina nafasi, na lau si sisi, hata sura ya nyumba hizi isingebaki. Tena wakaongeza kwamba wazee wetu wa pwani nao waliyatazama majumba matupu wakapata mawaidha.

Hoja hii ya mwisho yanigusa mimi hasa, kwa kuwa asili yangu ni pwani, na ni kweli tupu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi aliyaangalia majumba ya Pate yaliyokuwa yamebaki bila ya wenyewe, akayafanya kuwa funzo kwa moyo wake. Na sisi tulipokuwa watoto tulipelekwa Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, tukaambiwa tutazame visima na misikiti na milango ya majumba, na tufikiri. Hata yule kijana alinikumbusha kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwasimulia habari za Gede.

Lakini hapa ndipo nilipokosea, nikawakosesha na wengine. Nilichanganya vitu viwili ambavyo lugha yetu yenyewe imevipa majina mbalimbali. Mahame ni mahali palipohamwa zamani, haki za watu wake zikaisha pamoja nao. Gede leo haina mpangaji anayedaiwa kodi, haina mlinzi aliyekatwa mshahara, haina mtoto ambaye jina lake limeandikwa ukutani naye yu hai mtaa wa pili. Tena hata hiyo Gede haikuachwa holela: iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria tangu 1927, ikachimbuliwa kwa ilimu tangu 1948 na bwana James Kirkman, na mwaka 2024 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Anayeingia huko hupita mlangoni, hulipa, na huongozwa.

Ama nyumba iliyohamwa jana, hiyo si mahame. Hiyo ni nyumba iliyo baina ya watu wawili, yule aliyetoka na yule atakayeingia, na haki za watu wengi zingali hai ndani yake. Utupu wake waonekana kwa macho, lakini haki hazionekani kwa macho. Katika duka tupu la Nakumatt mlikuwa na fedha za wachuuzi waliopeleka bidhaa na hawakulipwa, na jasho la wafanyakazi waliorudi makwao. Katika hoteli iliyofungwa mna miaka 30 ya mtu aliyekuwa akitandika vitanda. Mwenye kuingia humo akasema "hamna mtu", amesema kweli kwa macho yake, na amesema uongo kwa akili yake.

Sasa na tuzitazame hoja zile.

Ama ya kwanza, ya kwamba nyumba haina mtu, jawabu lake limo katika Suratin Nur, aya ya 27 mpaka ya 29, ambazo sisi sote twazisoma na wachache wetu huzifikiri. Humo tumefundishwa tusiingie nyumba isiyo yetu ila kwa kubisha hodi na kutoa salamu. Kisha likaongezwa jambo ambalo mimi, kwa haraka yangu, nililisahau siku ile: hata tusipomkuta mtu ndani, hatuingii mpaka tupewe idhini. Maana yake ni kwamba utupu wa nyumba si idhini. Kutokuwepo kwa mwenyewe hakumfanyi mgeni kuwa mwenyewe. Kisha, katika aya ya 29, zikatolewa nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake tuna manufaa, na wafasiri wametaja mifano yake: nyumba za kushukia wasafiri njiani, maduka ya sokoni, na wengine wakataja magofu. Lakini mtu asiichukue ruhusa hii akaipeleka ovyo. Nyumba ya wasafiri imejengwa ili iingiwe, na duka limefunguliwa ili liingiwe. Nyumba iliyozungushwa mabati na kufungwa kufuli imesema kwa ulimi wake kwamba haitaki kuingiwa. Na sheria ya Kenya nayo, Sura ya 294, yalifanya kuwa ni kosa kuingia ardhi ya mtu iliyozungushwa ua bila ya idhini wala sababu ya haki. Basi dini na sheria hapa zimekutana.

Ama ya pili, ya kwamba hatuchukui kitu, hii ni hoja nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Sote twakumbuka aibu ya Westgate. Maduka yalikimbiwa na wenyewe kwa kuokoa roho zao, na baada ya siku chache wenye maduka waliporudi wakakuta makasha yamevunjwa na mali haipo. Jeshi lenyewe likatangaza mwezi Oktoba 2013 kwamba askari wawili wamefukuzwa na kutiwa gerezani kwa wizi. Mji mzima ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini je! mali ya mtu ni simu na saa tu? Siri ya mtu si mali yake? Lile daftari lililofunguka sakafuni, ambalo kijana wetu alilipiga picha kwa sababu mwanga ulilipendeza, lilikuwa daftari la shule: majina ya watoto, maradhi ya kila mmoja, na ada wanazodaiwa wazazi wao. Yeye hakuchukua karatasi, lakini alichukua kilichoandikwa juu yake, akakionyesha kwa watu kumi na wanne waliokaa mkekani, nami nikiwa mmoja wao. Taifa letu lilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na sisi tunaojidai kusoma adabu ya kusitiri hatukuhitaji kungoja sheria hiyo.

Sikuyaona haya siku ile. Niliyaona baadaye, tena kwa kulazimishwa.

Baada ya miezi miwili, kijana wetu, kwa kufuata maneno yangu ya "nenda ukatazame zaidi", alirudi katika nyumba ile ile. Mara hii mlikuwa na mlinzi, mtu wa makamo, naye akamshika kwa mkono pale ukutani. Hakumpiga. Alimketisha juu ya jiwe la langoni akamwambia amwite mkubwa wake. Akanipigia simu, nikaenda.

Nilipofika nilimsalimu mlinzi kwa heshima, nikamwomba radhi, nikamwambia kijana huyu ni mwanafunzi na hana nia ya wizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee, mimi nimekatwa mishahara miwili kwa ajili ya watu wanaoruka ukuta huu. Mifereji ya jikoni imeng'olewa, na mabomba ya shaba, na chombo cha kuchemshia maji. Wakala alikuja kutazama akakuta havipo, akasema ni mimi niliyeuza au ni mimi niliyelala. Nina watoto wanne shuleni. Sasa wewe waniambia hakuja kuiba. Mimi nitajuaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Tukaomba radhi mara ya pili, tukaondoka. Katika gari kijana hakusema neno mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akafungua simu yake akaniwekea picha mbele ya uso. "Tazama, Maalim." Ilikuwa ni picha ya jikoni, katika zile za mara ya kwanza. Beseni halikuwa na mifereji. Ukutani palikuwa na mashimo mahali mabomba yalipong'olewa. Chini ya picha palikuwa na tarehe. Na mlinzi alikuwa ametuambia, katika mazungumzo yake, kwamba alianza kazi hapo katikati ya mwezi ule. Picha ilikuwa imepigwa siku tisa kabla ya yeye kuajiriwa.

Basi fikiri, ndugu msomaji, hali tuliyokuwamo. Kijana alikuwa na ushahidi wa kumtoa mtu katika tuhuma, na ushahidi huo aliupata kwa kosa. Akiunyamazia, yu salama, na masikini ataendelea kuhesabiwa kuwa mwizi. Akiutoa, yabidi kwanza akiri kwamba aliruka ukuta, tena mara mbili, na huenda yeye mwenyewe akashikwa kuwa ndiye mwizi. Akaniuliza kama haiwezekani kuituma ile picha bila ya jina. Nami, wallahi, nilitamani kusema ndiyo. Sikumhurumia yeye peke yake, nilijihurumia nafsi yangu, kwa sababu nilijua swali la pili litakuwa: ni nani aliyekuambia kwamba jambo hili halina dhambi?

Lakini picha isiyo na mwenyewe si ushahidi. Wakala angeitupa, na angekuwa na haki. Shahidi ni yule anayesimama kwa uso wake. Na sisi sote tumefundishwa kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Hayo yamo katika mwisho wa Suratil Baqara, katika habari za madeni, na deni ndilo hasa lililokuwa mbele yetu.

Tulikwenda pamoja katika ofisi ya wakala, katikati ya jiji. Sitaitaja. Kijana akasema yote, nami nikasema yangu. Wakala alighadhibika sana, akasema, "Kumbe ni wewe!", akatishia kuita polisi, na kwa muda wa saa nzima hatukujua kama tutalala nyumbani. Kisha akaanza kuzitazama picha moja moja, akatoa faili, akalinganisha tarehe na siku aliyokabidhiwa funguo na ile shule. Mwisho akanyamaza. Mlinzi alirudishiwa mshahara wa mwezi mmoja. Ule wa pili aliambiwa utatazamwa, na mpaka leo ninapoandika haya bado watazamwa. Sisi katika darasa tulikusanya fedha tukamlipa. Wengine waliiita sadaka. Mimi sikukubali jina hilo kwa upande wangu. Nilichotoa mimi kilikuwa ni deni, maana lau siku ile ya kwanza ningemwuliza kijana, "Umeona nini jikoni?", badala ya kusifu mwanga wa dirishani, pengine wakala angejua mapema kwamba nyumba ilikwisha kuibiwa, na mtu huyo asingekatwa hata shilingi.

Na hapa ndipo yalipo majibu ya hoja ya tatu, ya kumbukumbu na ibra. Sisi hatusemi kwamba kumbukumbu si kitu. Mji usiojua ulivyokuwa ni kama mtu asiyejua jina la baba yake. Lakini aliyeona amekuwa shahidi, apende asipende. Hawezi kusema kwamba yeye aliingia kwa ajili ya uzuri tu, na mengine hayamhusu. Ibra isiyomfikisha mtu katika kumtetea aliyedhulumiwa hubaki kuwa tamasha, na machozi yake ni ya kujifurahisha. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita Al-Hijr, penye majumba ya kaumu iliyoangamia, aliwakataza masahaba wasiingie ila kwa hali ya kulia, wala hakukawia hapo. Ikiwa hiyo ndiyo adabu katika majumba ya watu waliokwisha zamani, itakuwaje katika nyumba ambayo wenye kudhulumika ndani yake wangali wapo langoni, na sisi twawapita kwa kuruka ukuta wa nyuma ili tusiwaone?

Tena haifai tukawalaumu vijana peke yao tukawaacha wenye nyumba. Mwenye kuiacha nyumba wazi, akaweka mtu mmoja kuilinda usiku na mchana, bila ya taa, bila ya kumpa orodha ya vitu anavyokabidhiwa, kisha kila kilichopotea akamkata yeye, huyo naye amedhulumu. Na mpangaji aliyehama akayaacha madaftari ya watu sakafuni, kwa kuwa gari lilijaa au kodi ilikwisha, naye amevunja amana. Kuhama si kufunga mlango tu. Kuhama ni kumaliza haki zilizomo, au kuzichukua pamoja nawe. Mtu hawezi kuiacha amana ya watu nyuma yake kama anavyoacha kalenda ukutani.

Basi jawabu langu la sasa, ambalo naomba lichukue mahali pa lile la kwanza, ni hili.

Kwanza: usiingie ila kwa idhini, na idhini yatakiwa kwa mwenye nyumba au wakala wake. Mlinzi hana mamlaka ya kuitoa, na ukimbembeleza au ukampa kitu akufungulie, umemtia hatarini katika riziki yake. Ukikataliwa, rudi. Kurudi huko, kwa mafundisho ya sura niliyoitaja, ndiko kusafi zaidi kwako.

Pili: ukiidhinishwa, nenda mchana, pamoja na mwenzako, na ujihadhari na nafsi yako. Nyumba iliyohamwa ina sakafu mbovu, nyaya zilizokatwa na mashimo yaliyofunguliwa, na mwili wako nao ni amana.

Tatu: chochote chenye jina la mtu, au sura ya mtoto, au habari ya maradhi au deni, kifumbie macho na usikipige picha. Mwambie mwenye nyumba kipo, ili akirudishe au akichome kwa ujuzi wa wenyewe.

Nne: ukiona dhuluma, sema, hata kama ushahidi wako wakuharibia jina. Na ukiwa huna ushujaa huo, basi usitazame, maana macho hayatazami bure.

Tano: kumbuka kwamba habari za nyumba hazimo katika kuta peke yake. Wapishi, mayaya na watunza bustani waliofanya kazi katika nyumba za Kileleshwa na Lavington, baadhi yao wangali hai, nao huzijua nyumba hizo kuliko wamiliki wake. Kwenda kumsikiliza mmoja wao hakuhitaji kuruka ukuta. Na jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, mkabala wa Hilton, zamani lilikuwa la benki. Benki ikaondoka, na leo mtu huingia humo kwa mlango wa mbele, akajiandikisha, akayasoma mambo ya kale. Hivyo ndivyo nyumba inavyoweza kubadilisha watu wake bila ya haki ya mtu kupotea.

Ile nyumba ya Kileleshwa imekwisha kubomolewa. Kijana wetu alizifuta picha zote za daftari, na za ule mwimo wa mlango wenye majina ya watoto, ingawa ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote, na nilimwona akikawia kabla ya kuifuta. Moja tu ameihifadhi, nayo ni mbaya kuliko zote kwa sura: jikoni penye giza, beseni lisilo na mifereji, na mashimo ukutani. Juzi nilimwuliza kwa nini haifuti na hiyo. Akaniambia, "Maalim, mshahara wa pili bado haujalipwa."

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa jawabu langu la kwanza, na awaongoze wote waliolifuata. Wabillahi tawfiq.